Buze Mbaya Inakata Njia, Inakata na Samaki

Mvula za kwanza zikipiga, kambale wanatoka kwenye mito mikubwa, wanapanda vijito usiku, wanatafuta majani yaliyofunikwa na maji wapate kutaga. Wazee wetu walijua majira hiyo. Leo, kwenye njia nyingi za Haut-Lomami, kambale anafika paka kwenye buze, lile bomba la beto chini ya barabara, na safari inaishia pale.

Juu ya nini? Buze ni ndogo kuliko kijito. Maji yanabanwa, yanatoka kwa nguvu upande wa chini na kuchimba shimo. Mvula kwa mvula shimo linashuka, mdomo wa buze unabaki hewani. Samaki gani ataruka pale? Sisi wachimbaji hatungoji enjenia atuambie kinachofuata: maji yakikula mguu wa ukuta, ukuta unaanguka. Erozio inarudi nyuma, inakula barabara, kisha nyumba.

Kuna wenye kusema: sendika inatafuta nini kwenye mambo ya samaki? Waulize sufuria. Mshahara ukichelewa, bukari tunakula na nini? Samaki ya Upemba inapitia Bukama, na siku njia inakatika, bei inapanda siku ile ile. Wamama wanaotega nyavu chini ya buze hatuwalaumu, lakini wale samaki wamejaa mayai.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Buze iwe pana kama kijito, chini yake izikwe kidogo ili changarawe ikae ndani. Mawe makubwa yapangwe kwenye mdomo wa chini, vetiveri ipandwe kwenye kingo. Na kusafisha ni mbele ya mvula, si kisha mvula.

Feza je? Sheria ya migodi, tangu 2018, inagawa asilimia 15 ya redevansi kwa komini, sekta na shefferi za mahali mgodi uko. Tena inadai kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tunaomba mabuze yaandikwe kwenye kaye ya masharti, pamoja na masomo na dawa, na vijana wa mahali wapewe ile kazi kwa malipo.

Mbele ya mwezi wa kumi wajumbe wetu watapita kupima: upana wa kijito, upana wa buze, kimo cha anguko. Mwenye mita ya fundi aje nayo.