Kompyuta Ndogo Ikichemka Studio, Anayetukanwa ni Fundi. Huu ni Uonevu!

Mjini wiki hii gumzo ni ile klipu ya prodyuza mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, mwenye studio maeneo ya Sinza, akimporomoshea matusi fundi aliyemuundia kompyuta. Klipu ni ya sekunde chache tu, lakini imetosha kumchafulia kijana wa watu jina. Fundi mwenyewe ni wa Kariakoo, anaunganisha kompyuta kwa oda, ana mke na mtoto mchanga, na wateja wawili wameshafuta oda zao baada ya kuiona ile video.

Kisa kiko hivi. Msanii chipukizi alilipia masaa manne ya studio kwa hela ya kudunduliza. Saa la pili halijaisha sauti ikaanza kukatika katika, mashine ikawa nzito, feni zikanguruma kama jenereta na maiki ikanasa mlio wote. Dogo akaondoka na nusu wimbo, hela haikurudi. Prodyuza akashika simu, akajirekodi, akatangaza kwamba fundi ni tapeli.

Fundi sio tapeli. Alipokea oda akatoa onyo kwa voisi noti za WhatsApp, tena zaidi ya mara moja, kwamba mashine ile itachemka. Jibu alilopewa ni kwamba mteja ndiye anayelipa. Sasa mteja kalipia joto, kaletewa joto, halafu analia.

Tuanze na mashine yenyewe. Hizi kesi ndogo hupimwa kwa lita, kama ndoo. Ya prodyuza ni ya lita kumi hivi, vioo pande mbili, taa za rangi ndani, inakaa juu ya meza pembeni ya spika. Kwenye picha inapendeza sana, na ukweli ndio kazi iliyonunuliwa kufanya. Ndani yake kukawekwa prosesa ya daraja la juu kabisa na kadi ya grafiksi nene ya kuchezea magemu. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta mwisho wake ni joto. Hakuna ujanja hapo. Chukua mfano wa prosesa inayoitwa Core i9-13900K. Intel wenyewe wameandika kwamba kiwango chake cha msingi ni wati 125, na ikikimbizwa inafika wati 253. Ongeza kadi ya grafiksi ya wati 200, unapata wati 450 na ushee. Mtu aliyekaa tu ametulia hutoa joto la kama wati 100. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote ni sawa na kuingiza watu wanne zaidi kwenye chumba, na chumba chenyewe ni studio: hakina dirisha, kuta zimejazwa sponji, mlango umefungwa.

Halafu kuna kitu ambacho wauza kompyuta wa Ulaya hawakifikirii. Studio nyingi za Bongo zinazima AC wakati wa kurekodi vokali, maana inanguruma. Nje Dar ya mwezi wa pili ina nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake. Feni haiwezi kuipoza kompyuta ikawa ya baridi kuliko hewa ya chumba, inachofanya ni kulitoa joto na kulisukumia humo humo chumbani. Chumba kikipanda nyuzi kumi, na prosesa nayo inapanda karibu nyuzi kumi. Ikifika kwenye nyuzi 100 hivi, prosesa nyingi za aina hii zinapunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Mashine haijaharibika, inajiokoa. Ila kwa mtu anayerekodi, kujiokoa huko ndiko kukatika kwa sauti.

Sasa kwa nini fundi hakuweka kipoozeo kikubwa? Kwa sababu hakiingii. Kwenye kesi ndogo prosesa inapewa nafasi fupi sana kwa juu. Kuna hitisinki fupi kama Noctua NH-L9i, ina milimita 37 tu pamoja na feni yake. Ni kifaa kizuri mno, lakini kimetengenezewa prosesa za wati chache, sio farasi wa wati 253. Na ile kadi nene ya grafiksi imekula nafasi ya feni nyingine. Vioo navyo havipitishi hewa. Fundi angefanyaje, atoboe kioo?

Kinachouma zaidi ni kwamba kadi ile haina kazi pale. Kutengeneza biti na kumiksi sauti ni kazi ya prosesa, ramu na diski. Picha ya skrini inaweza kutolewa na grafiksi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Mtu kanunua kifaa cha bei mbaya zaidi kwenye mashine, kikamletea joto, kikamnyima nafasi, na kwenye wimbo hakichangii hata kofi moja la ngoma. Kisa, mastaa wa Marekani wanaonekana nacho kwenye video zao.

Kuna watakaosema dawa ni kuachana na hizi kompyuta ndogo, kila mtu anunue lile dude kubwa la chini ya meza. Hapana, udogo hauna kosa. Prodyuza anayesafiri na msanii kwenda Mwanza au Arusha anahitaji mashine inayoingia kwenye begi. Na zile kompyuta ndogo za mtumba za maofisini, za lita moja tu, zimejaa Kariakoo na zinapiga kazi kutwa nzima bila kelele. Siri yao ni kwamba nyingi zina prosesa zenye herufi T mwishoni, zilizopangiwa wati 35. Waliozitengeneza walitazama kwanza ukubwa wa boksi, ndipo wakachagua moto wa kuweka ndani. Prodyuza alianza na moto, akatafuta boksi la kuufichia.

Mbagala kuna kijana mmoja anahariri video za harusi na sendoff. Hana jina, hana tiki ya bluu. Kompyuta yake nayo ni ndogo, mazabodi ni ile ya sentimita 17 kwa 17. Kesi yake haina kioo, ni wavu mtupu. Prosesa ni ya daraja la wati 65, kama ilivyo Ryzen 7 7700 yenye kori nane. Yeye kadi ya grafiksi anaihitaji kweli, kwa sababu inamharakishia kutoa video, kwa hiyo kachukua ya RTX 4060 inayokula wati 115, fupi, akaachana na mawazo ya RTX 4090 ya wati 450. Feni yake ni moja kubwa ya milimita 120 inayozunguka taratibu, maana feni kubwa ya polepole inasukuma hewa nyingi kwa kelele kidogo kuliko kafeni kadogo kanakokimbia. Ramu kanunua mbili kwa mpigo, kwa kuwa mazabodi hizo ndogo kwa kawaida zina nafasi mbili tu na ukikosea unatupa. Kila mwisho wa mwezi anasafisha vumbi kwa brashi ya rangi. Bwana harusi anapata video yake siku aliyoahidiwa.

Na hata mashine ya Sinza bado inaokoka. Kadi ya grafiksi itolewe iuzwe. Upande mmoja wa kioo ubadilishwe uwe wavu. Kwenye mipangilio ya BIOS prosesa iwekewe kikomo, tuseme wati 125 au hata 88. Kasi haishuki kwa nusu kama watu wanavyodhani, kwa sababu zile wati za mwisho ndizo zinazoleta joto jingi kwa faida ndogo. Mashine isogezwe mbali na sponji ya ukutani ipate hewa, au iwekwe nje ya chumba cha kurekodia na nyaya zipitishwe ukutani. Hela nyingi haihitajiki hapo. Inahitajika kukubali kwamba oda ilikuwa mbaya.

Mafundi nao wana la kujifunza. Voisi noti hazitoshi. Mteja aking'ang'ania kitu kitakachochemka, onyo liandikwe kwenye risiti na asaini. Mashine isikabidhiwe kabla ya kupigishwa kazi nzito kwa nusu saa, mlango umefungwa na AC imezimwa, huku programu ya bure kama HWiNFO ikionyesha nyuzi joto na mteja akiangalia kwa macho yake. Kipimo kinachofanyika dukani penye feni ya dari na mlango wazi hakimsaidii mtu wa studio. Na muda huo wa kupima ulipiwe, kwa sababu ni kazi.

Wateja wa mjini wamezoea kuchagua kwa macho na kulaumu kwa mdomo. Fundi anatukanwa, anakosa mkate, halafu anakuja fundi mwingine mwoga anayeitikia kila kitu na kunyamaza. Huyo ndiye atakayewaunguzia vitu vyao kweli. Aliyesema "bosi, hii itachemka" ndiye aliyekuwa anawajali. Na dogo chipukizi bado anadai masaa yake mawili.