MTOTO NJITI, SEHEMU YA 3: MUACHENI MAMA AMBEBE MWANAWE

Tangu niwaeleze namna ya kumfunga mtoto njiti kifuani, meseji nyingi ni hii: "Nesi, wiki ya pili mtoto haongezeki, mama mkwe anasema nimwanzishie uji."

Leo sina upole. Uji hapana. Maziwa ya ng'ombe hapana. Dawa za kienyeji hapana. Ni maziwa yako tu. Kama hajaweza kunyonya, kamua umpe kwa kikombe kama ulivyofundishwa wodini.

Tuelewane kuhusu mzani. Siku za mwanzo watoto hupungua, na njiti anaweza kuchukua wiki mbili hivi kurudia uzito aliozaliwa nao. Akianza kupanda, tunatarajia kama gramu 15 kwa siku kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 1.5, hizo ni gramu 22 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari. Sasa jirani aliyekuja kuchungulia dakika mbili ataviona wapi?

Wengine eti, "Kangaruu ni kwa sababu hospitali zetu hazina mashine." Ni kweli ilianzia Bogotá, Colombia, miaka ya 1970 mwishoni, mashine zikiwa chache. Lakini 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo. Njiti waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Siyo huduma ya maskini hii. Ni tiba.

Shirika la Afya Duniani linataka masaa 8 hadi 24 kwa siku. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mama huyohuyo apike, afue, aanike dagaa, halafu mkimkuta amelala na mtoto kifuani mnamwita mvivu! Baba naye ana kifua. Bibi naye ana kifua.

Nilimpokea mtoto aliyefunguliwa siku ya 11 kwa sababu ya maneno ya watu. Alikuja wa baridi, hata kulia hawezi. Safari ile tuliwahi. Siyo kila safari tunawahi.

Ila kuvumilia siyo kukaa nyumbani mkiombea. Kliniki ya kupima uzito usikose hata moja. Akigoma kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto, akihema haraka, akiwa wa manjano au akipata degedege, usingoje kesho. Njoo hata usiku.

Sisi ni watu wa ziwa jamani. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi ya dagaa inalala pale Kibirizi, na hakuna anayemwambia mvuvi auze nyavu. Anashona zilizochanika, anasubiri giza lirudi. Mbona kwa mama wa njiti subira inatushinda ndani ya siku kumi?

Mama, gramu zako 22 za leo zihesabu. Kesho mfunge tena.

Sehemu ya 4 ni ya akina baba. Mtagi mumeo mapema.