Ndege ya Mkono wa Pili

Bwana mmoja wa Kitengela kauza kipande cha shamba, ataka ndege ya kwake. Mkewe aniuliza kama mumewe amerukwa na akili. La hasha, mama! Cessna 150 ya viti viwili, iliyoacha kuundwa 1977, yaweza kupatikana kwa bei ya gari zuri. Ila bei si neno. Aulize injini imebakisha saa ngapi. Mtengenezaji wa Continental O-200 huagiza ifunguliwe yote kila saa 1,800 za kuruka, na gharama hiyo yaweza kumeza shamba lililobaki.

Tena Kajiado ni juu, zaidi ya mita 1,500. Jua la adhuhuri likiwaka hewa huwa nyepesi, na injini ya nguvu za farasi 100 hutweta. Kabla ya kulipa, apime uzito wake na wako, mama, tangi likiwa limejaa.