Mahema ya Fahari na Kiwanja cha Wanachama

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Bweyeye, katika wilaya ya Rusizi, kule ambako wazee bado husema Cyangugu. Jioni moja tulikaa barazani kwa mjomba, vijana sita au saba, wengine wa shule hii na wengine waliokwisha kuiacha, na mazungumzo yakawa juu ya jambo moja tu: wageni. Tangu barabara ya kutoka Pindura ilipotiwa lami, kilometa 32 za kupita katikati ya msitu wa Nyungwe, mtu aweza kuiacha barabara kuu ya Huye na Rusizi akafika kwetu kwa motokaa ndogo bila kusukuma hata mara moja. Zamani safari hiyo ilikuwa ya matope. Basi kila mtu alikuwa na shauri lake. Mmoja akasema, sasa matajiri watakuja kutujengea mahema ya fahari, nasi tutapata kazi. Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa hoja yangu ilikuwa haijaiva. Leo nadhani imeiva, na nawaomba wasomaji mnivumilie.

Kwanza tujue twasema nini. Waingereza wameunganisha neno lao la fahari na neno la kupiga kambi, wakapata neno jipya, "glampingi", lililoingia katika kamusi kuu ya Oxford mwaka 2016. Maana yake ni hema ambalo si hema: ndani mna kitanda cha mbao, shuka nyeupe, taa, bafu ya maji ya moto, na mtu wa kukuletea chai kabla hujanawa uso. Neno ni jipya, lakini jambo lenyewe si jipya hata kidogo, hasa katika Afrika ya Mashariki. Theodore Roosevelt, alipokwisha kutoka katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda mwaka 1909, na pamoja na mahema yake alikuwa na maktaba ya vitabu yapata 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Mizigo hiyo ilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Ndiyo glampingi ya babu zetu, ila babu zetu walikuwa upande wa mizigo.

Na hapa Rwanda jambo hilo limeandikwa hata katika ramani. Ziwa Ihema, kule Akagera, yasimuliwa kwamba lilipata jina kwa sababu Stanley alipiga hema lake huko mwaka 1876 akitaka kuingia nchini, akafukuzwa kwa mishale. Leo kando ya ziwa hilohilo pana mahema ya wageni yaitwayo Ruzizi Tented Lodge, wala hakuna awafukuzaye. (Jina hilo hupoteza watu. Mahali hapo ni mashariki kabisa, si kwetu Rusizi.)

Sasa nitawapeleka Uingereza kidogo, kwa maana huko nimeona jambo ambalo latufaa sisi kuliko mahema ya fahari. Waingereza wengi hupenda kusafiri na nyumba za magurudumu zivutwazo na motokaa, waziitazo karavani. Ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya matembezi tu ilikuwa ya daktari mmoja, Gordon Stables, mwaka 1885, nayo ilivutwa na farasi. Chama cha wenye karavani kilianzishwa mwaka 1907, mwaka uleule ambao Baden-Powell alipeleka wavulana kisiwani Brownsea kupiga kambi ya kwanza ya skauti. Chama cha wapiga kambi kilikuwa kimekwisha kutangulia mwaka 1901.

Mwaka 1960 ilitungwa sheria ya viwanja vya karavani. Watu walikuwa wamezidi kuziweka popote, mashambani na ufukoni, na serikali ikataka kila mwenye kiwanja awe na leseni. Lakini sheria hiyo iliacha mlango mdogo. Chama kilichoaminiwa chaweza kumpa mkulima cheti, akapokea karavani zisizozidi tano katika shamba lake, kwa wanachama wa chama hicho tu, bila kuhangaika na leseni ya halmashauri. Cheti hicho hakipiti mwaka mmoja; kikiisha, chama huamua kama kitampa kingine. Mkulima hatakiwi kujenga hoteli. Kwa kawaida huwa na bomba la maji ya kunywa, mahali pa kumwaga choo, na mahali pa taka. Viwanja vingi vya namna hii havina kitu zaidi ya nyasi na ng'ombe wanaochungulia juu ya ua.

Mkulima kaaminiwa kwa sababu mgeni wake ana chama kinachomjua. Akichoma ua wa jirani au akitupa takataka mtoni, kadi yake itachukuliwa, na asiye na kadi hana pa kulala. Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba. Jioni ile, baada ya kelele zetu zote, aliuliza swali moja tu: "Hao wageni wenu wakilala kwangu, nani awajuaye? Mkuu wa mudugudu akija kuniuliza, nitamjibu nini?" Tulicheka. Hatukujua kwamba bunge la Uingereza lilikwisha kuulizwa swali hilohilo.

Najua wapo watakaokunja uso kwa kusikia "wanachama tu". Wana haki. Katika nchi zetu maneno hayo yana historia mbaya. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa Nairobi mwisho wa mwaka 1913, na kwa miaka mingi mtu mweusi aliyeingia humo aliingia kwa mlango wa jikoni. Uanachama wa namna hiyo ulikuwa ukuta, nao haukujengwa kwa bahati mbaya. Basi mtu akiniambia kwamba hema la fahari ni bora kwa kuwa haliulizi kadi, nitamwelewa. Lakini nitamwuliza, bei yake ni ngapi?

Maana hapo ndipo tunapodanganyika. Usiku mmoja katika mahema makubwa ya Akagera, au katika hoteli za fahari zilizo kando ya Nyungwe, humpita mwalimu wa shule ya msingi mshahara wake wa mwezi. Hakuna kibao mlangoni kisemacho "wanachama tu", na hapana haja ya kibao. Bei yenyewe ni kadi, tena ni kadi ambayo mwana wa Bweyeye hataipata kwa tabia njema wala kwa ahadi. Kadi ya chama cha wapiga kambi yaweza kununuliwa kwa ada ndogo na mtu yeyote aliye tayari kushika kanuni. Katika hayo mawili, mimi naona kwamba lenye mlango uliofungwa ni lile lijiitalo wazi kwa wote.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Nilipokuwa kidato cha pili darasa letu lilikwenda kuutazama msitu. Tulipita daraja la juu ya miti lililoko Uwinka, lile lililofunguliwa mwaka 2010, na wengine wetu walilia kwa hofu (sitataja majina, mmoja wao sasa ni mtu mkubwa). Mwalimu alikuwa ameahidi kwamba tutalala karibu na msitu ili alfajiri tusikie sokwe. Mahali tulipokuwa tumeahidiwa palikuwa pamebadilika. Badala ya uwanja wa nyasi palikuwa na vitanda, na bei ilikuwa ya vitanda. Nakumbuka mwalimu akihesabu fedha juu ya pua ya basi, akahesabu tena, kisha akatuambia tupande. Tulifika shuleni usiku wa manane. Nimezaliwa ukingoni mwa msitu wenye kilometa za mraba zaidi ya 1,000, msitu ambao mwaka 2023 uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wenzangu wa Kigali ambao hawajausikia ukiamka bado hawajausikia.

Haifai niwe mkaidi. Mahema ya fahari yana faida zake. Mgeni mmoja tajiri huacha fedha nyingi na hukanyaga ardhi kidogo, na msitu hupenda wageni wachache. Sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa wananchi wanaozizunguka: ilianza kuwa asilimia 5 mwaka 2005, ikafanywa asilimia 10 mwaka 2017, na kwa fedha hizo zimejengwa shule na zahanati. Wala si lazima fahari iwe mali ya watu wa mbali. Kule Kinigi, chini ya volkano, hoteli ya Sabyinyo Silverback ni mali ya chama cha wananchi kiitwacho SACOLA, ijapokuwa kampuni ndiyo iiendeshayo. Mambo hayo ni mazuri na nayasifu.

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Uganda, Buhoma, kwenye lango la msitu wa Bwindi. Huko katika miaka ya 1990 wanakijiji walianzisha kambi yao wenyewe, na hata leo mtu aweza kufika na hema lake begani akapewa mahali pa kulipiga. Baadaye kambi hiyo ikaongeza vibanda na mahema yenye vitanda kwa wenye uwezo. Hatua chache tu kutoka hapo yamejengwa mahema ya fahari ya makampuni. Wote hao huwatazama sokwe walewale wakubwa wa milimani na kuloweshwa na mvua ileile, na mwenye hema lake begani hakufukuzwa kwa kuwa jirani yake ana bafu.

Neno "kando kando" ndilo ninalotaka tulishike, maana hatari imo humo. Mkulima wa Uingereza mwenye kiwanja cha karavani tano akijenga kibanda cha fahari pembeni, kile cheti chake hakikilindi kibanda hicho; hana budi kuomba ruhusa ya halmashauri kama mjenzi yeyote. Naona busara katika hilo. Kibanda kikisimama huingiza fedha hata siku za baridi, na kwa usiku mmoja hulipa kuliko hema la mwanafunzi kwa juma zima. Mwenye shamba ni binadamu. Mwaka wa kwanza kibanda kimoja, mwaka wa pili vitatu, na mwaka wa tatu ile nyasi ya wanachama ni mahali pa kuegesha motokaa za wageni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Bila karatasi mbili tofauti na ua katikati, mambo yatakwenda hivyo na kwetu pia.

Kwa hiyo shauri langu kwa vijana wa Bweyeye, na kwa ninyi wakubwa mliopita katika shule hii ambao sasa mwakaa katika ofisi za wilaya na za utalii, ni hili. Kabla hatujasubiri tajiri wa kutujengea, tuombe ruhusa ya viwanja vidogo katika mashamba ya watu, mahema matano kila kimoja, basi. Wageni wake wawe wanachama wa chama cha wapiga kambi: skauti, klabu za shule, watu wa kutembea kwa miguu wa Kigali na Huye, na yeyote atakayelipa ada na kutia sahihi. Kanuni ziwe chache. Moto mahali pamoja tu. Taka zirudi na aliyezileta. Hakuna kuingia msituni bila kiongozi wa hifadhi. Kila mgeni aandikwe kwa mkuu wa mudugudu kabla ya jua kuchwa, na mjomba apate jibu lake. Cheti cha mwenye shamba kiwe cha mwaka mmoja, kwa mtindo ule wa Waingereza, ili mzembe asikae nacho milele.

Fedha zake hazitakuwa nyingi. Lakini zitaingia mkononi mwa mwenye shamba usiku uleule, pamoja na bei ya mayai, ndizi na kuni, na hazitapita Kigali kwanza. Tena zitampa mtu sababu ya kuupenda msitu uliosimama. Tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999, na mitego ya waya bado hutegwa. Askari wa hifadhi hawawezi kulala katika kila shamba, lakini mwenye shamba hulala humo kila siku.

Mwenzangu mmoja aliyesoma maneno haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri alisema, "Mvua je?" Ni swali la haki. Nyungwe hunyeshewa milimita 2,000 kwa mwaka na huenda zaidi, na hema la mwanafunzi si hema la Roosevelt. Nilipeleka swali hilo kwa mama kwa simu. Alisema kipande kilicho chini ya migomba kina mteremko na maji hayasimami, na bomba liko hatua 20. Atakubali mahema matano, si sita, wala mwezi wa Aprili asisumbuliwe na mtu. Na anataka kujua kama ada ya chama italipwa na yeye au na wageni.