Usinunue Baiskeli ya Jua

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata nizungumzie baiskeli. Msinikimbie, mtaona ni yale yale.

Mimi huenda kazini kwa baiskeli kutoka Roysambu hadi Ngara, kama kilomita 10 kwa Barabara ya Thika. Asubuhi magari yakiwa yamekwama pale Muthaiga, mimi huyo napita. Marafiki wakiona hivyo huniuliza: "Nami nataka baiskeli ya mbio ya kwendea kazini mwaka mzima, ninunue ipi?" Jibu langu huwaudhi: chagua kwa kufikiria siku mbaya kuliko zote, si siku nzuri.

Nilijifunza kwa maumivu. Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio niliinunua mtumba, mwezi wa Januari, kwa akili ya mtu anayenunua tarakilishi: nilisoma tarakimu tu. Kilo 9! Gia 18! Tairi nyembamba za milimita 23! Fundi mmoja mzee wa Ngara aliitazama akacheka. "Kijana, hii ni baiskeli ya jua." Nikadhani ni wivu.

Masika yalipofika nilimwelewa. Haikuwa na nafasi ya madigadi, basi nikawa nafika ofisini na mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Hilo linavumilika. Lakini asubuhi moja matatu ilisimama ghafla mbele yangu kushusha abiria. Nikabana breki, baiskeli ikaendelea kama haikusikia, nikaishia mtaroni. Kifundo cha mkono kiliteguka, na kwa wiki mbili niliandika programu kwa mkono mmoja. Nashukuru halikuwa lori.

Hitilafu ilikuwa wapi? Breki za kawaida hubana rimu, mahali panapolowa maji na matope. Raba lazima ifute maji kwanza ndipo ishike, na mchanga unaonaswa hapo hula rimu kama msasa. Breki za diski hukaa katikati ya gurudumu, juu ya matope mengi. Mimi napendelea za waya kuliko za mafuta, kwa sababu waya ukikatika fundi wa kando ya barabara anakuwekea mwingine, nawe unawahi kazini.

La pili ni nafasi ndani ya fremu. Tairi utabadilisha, gia utabadilisha, lakini fremu ndiyo usanifu wa msingi. Ukikosea hapo hakuna kiraka. Hakikisha inapokea tairi za milimita 32 pamoja na madigadi, na ina matundu ya skrubu za madigadi na keria. Tairi pana haihitaji kujazwa upepo hadi iwe ngumu kama jiwe, kwa hiyo shimo ambalo lingekuumiza mgongo linapita kwa mtikisiko mdogo. Soma namba ubavuni mwa tairi: 32-622 maana yake upana milimita 32, kipenyo cha rimu milimita 622. Usiamini maneno "inchi 28" pekee. Tairi ya Black Mamba ya 28 x 1½ nayo ni "inchi 28", ilhali rimu yake ni 635. Hazibadilishani hata ulazimishe.

Najua pingamizi: "Lakini itakuwa nzito!" Haya, tupige hesabu. Mimi kilo 70, mkoba wenye tarakilishi na nguo kilo 5. Kwa baiskeli ya kilo 9 jumla ni 84, kwa ya kilo 12 ni 87. Tofauti haifiki asilimia 4. Hiyo ndiyo ya kukutia mtaroni? Wengine hukimbilia baiskeli za milimani zenye springi. Kwa kilomita 10 za lami, tairi zenye meno na springi za bei rahisi zinakula nguvu zako bure.

Tena hakuna jipya hapa. Itazame Black Mamba ya wazee wetu: tairi pana, madigadi kamili, keria. Waliobeba maziwa na makaa juu yake walijua mvua itanyesha. Ni sisi tuliosoma chuo kikuu tunaohesabu gramu.

Nairobi ina mvua ndefu Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba, na katikati manyunyu ya Julai. Ukiondoa siku hizo, umebaki na baiskeli ya miezi mingapi? Hakuna anayepima programu kwa siku ambayo mtandao una kasi tu.

Basi ukienda kununua, beba rula upime nafasi kati ya tairi na fremu. Muuzaji akikusifia wepesi, muulize madigadi yataingia wapi. Akinyamaza, rudi nyumbani na pesa zako.

Yangu ya sasa ina kilo 12. Yule fundi aliiona juzi. Hakucheka.