Kamera Ipi Ichukuliwe Mlimani?

Kila mwezi wa Desemba barabara iendayo Moshi hujaa magari ya familia za Wachaga zinazorejea nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Baada ya sikukuu, baadhi yao huwachukua watoto hadi lango la Marangu, na kutoka hapo kwa miguu, kupitia msituni, hadi Mandara, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,700. Kabla ya safari huzuka swali: ichukuliwe kamera ipi? Aghalabu jibu hutafutwa dukani, na bei ndiyo hufanywa kipimo cha ubora. Hilo ni kosa. Swali hili ni la fizikia kabla ya kuwa la fedha, na mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma habari za lenzi anayo tayari sehemu kubwa ya jibu.

Ichukuliwe kwanza picha ya Kibo kutoka mjini Moshi. Kilele kiko umbali wa kilomita 30 hivi. Kwa kitu kilicho mbali, ukubwa wa taswira ni urefu wa fokasi ukizidishwa kwa upana wa kitu, kisha ukagawanywa kwa umbali wake. Sehemu ya kilele yenye upana wa kilomita 2, ikipigwa kwa lenzi ya milimita 28, hutoa taswira ya milimita 1.9 tu katika fremu ya filamu yenye upana wa milimita 36. Lenzi ya milimita 200 hutoa taswira ya milimita 13. Lenzi kuu ya simu nyingi huona eneo pana kama ile ya milimita 28, na ndiyo maana mlima mkubwa hutoka kama kichuguu. Kuikuza picha kwa vidole juu ya kioo cha simu hakuongezi habari yoyote. Hutanua tu zile chache zilizokwisha kunaswa.

Msituni hali hugeuka. Umbali ni mfupi, lakini mwanga ni haba, na mbega mwenye manyoya meusi na meupe hatulii tawini. Hapa kinachohitajika ni tundu pana la lenzi. Tundu likiongezwa kipenyo mara 2, mwanga huingia mara 4, kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo chake.

Ni kweli kwamba lenzi kubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi. Lakini lenzi kubwa ni nzito, na mzazi anayebadilisha lenzi njia nzima hawaangalii watoto wala mlima. Tena halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na baridi hupunguza nguvu za betri. Betri ya akiba iliyowekwa mfukoni, karibu na mwili, ina faida kuliko lenzi ya tatu.

Hata hivyo, jambo zito zaidi ni matumizi ya picha yenyewe. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga picha mlima huu kwa ajili ya upimaji, na ramani iliyotokana na kazi hiyo ikawa msingi wa kupimia barafu yake. Kati ya mwaka huo na 2011 eneo la barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85, kutoka zaidi ya kilomita za mraba 11 hadi chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitabiri kwamba barafu iliyosalia itatoweka ifikapo 2050. Mtoto apandaye Marangu leo huenda akawa shahidi wa mwisho.

Ushahidi wake utakuwa na thamani endapo tu utaweza kulinganishwa. Theluji mpya ya siku moja huweza kuufunika mlima wote ukawa mweupe, na picha isiyo na tarehe ikamfanya mtazamaji adhani kwamba barafu imerudi. Kwa hiyo kamera ifaayo ni ile ambayo familia itaweza kuitumia vivyo hivyo mwaka ujao: yenye urefu wa fokasi unaojulikana, saa iliyorekebishwa, na stendi nyepesi ya miguu mitatu. Picha ipigwe alfajiri, kabla mawingu hayajakifunika kilele, kutoka mahali palepale. Katika daftari iandikwe tarehe, saa, mahali, mwelekeo na lenzi iliyotumika.

Walimu wa sekondari za Moshi na vitongoji vyake wana nafasi ambayo shule nyingi duniani hazina: barafu ya ikweta inaonekana kutoka uwanjani. Shule ikichagua nguzo moja, simu moja na siku moja ya kila mwezi, kwa miaka 10 itakuwa na picha 120 zinazoweza kupimwa kwa rula. Gharama yake ni ndogo; kinachodaiwa ni uangalifu na subira. Mlima hautangoja mpaka kamera bora inunuliwe.