Ama Cheti Chetu ni Kweli, Ama si Kweli
Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

Nakuomba radhi kwa kukuandikia mbele ya kadamnasi jambo ambalo desturi ingelitaka lifikishwe ofisini kwa bahasha iliyofungwa. Lakini kwa kuwa wazazi wanaolijua ni wengi, na kila mmoja hulilia chumbani mwake akidhani kuwa ni msiba wake peke yake, nimeona ni afadhali lisomwe na wote, nawe ulijibu kwa wote. Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka 34 nimeshika chaki nikisomesha Kiingereza katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga, na sasa nakaa Pangani, karibu na mto, nikisoma magazeti na kupokea wageni, ambao aghalabu ni wanafunzi wangu wa zamani waliokuja kutaka shauri au kuandikiwa barua ya ushuhuda.

Mmoja katika hao ni binti wa jirani yangu mvuvi. Alisoma Kidato cha Kwanza hata cha Nne kwa Kiingereza, akasoma cha Tano na cha Sita kwa Kiingereza, kisha akaingia chuo kikuu kimoja cha hapa nchini, akasoma ilimu ya viumbe vya baharini kwa miaka 3, kwa Kiingereza vilevile, akatoka na shahada ya daraja la kwanza. Jumla ni miaka 9 ambayo ndani yake hakupata kufanya mtihani kwa lugha nyingine, isipokuwa ule wa Kiswahili chenyewe. Alipopata nafasi ya kusomea uzamili Uingereza, chuo kilichomkubali kilimwandikia kwa adabu nyingi kwamba nafasi yake imehifadhiwa, ila kwa sharti moja: alete ithibati ya kuwa anajua Kiingereza. Alipeleka vyeti vyake vyote vitatu, navyo vimeandikwa kwa Kiingereza tangu juu hata chini, akajibiwa kwamba hivyo havitoshi.

Basi baba yake akakopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, binti akapanda basi hadi Dar es Salaam, akalala kwa shangazi yake Temeke, akafanya mtihani alioamriwa kuufanya, akapata alama 7, ambayo ni zaidi ya ile aliyotakiwa. Mwaka ule ufadhili aliouomba haukutoka, wala mwaka uliofuata. Ulipotoka, alifungua karatasi yake ya majibu akakuta imepitwa na wakati kwa wiki 3, kwa maana karatasi hiyo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu. Alikuja kwangu jioni, akaniamkia, akakaa barazani kimya, kisha akasema: “Mwalimu, samaki wa baba huoza kwa siku mbili, na Kiingereza changu kimeoza kwa miaka miwili.” Nilitaka kucheka nikashindwa, kwani Kiingereza hicho nilimfundisha mimi.

Mtihani wenyewe, kwa wasioujua, huitwa IELTS, nao ulianza mwaka 1989; una ndugu yake mkubwa wa Marekani, TOEFL, aliyeanza 1964. Una sehemu 4, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Huchukua muda wa saa mbili na dakika 45 hivi, na alama zake hupanda hata 9, ilhali vyuo vingi hutaka 6.5 kwa masomo ya uzamili. Sina ugomvi na mtihani huu kwa namna ulivyotungwa, kwani ni mtihani wa haki, tena umetungwa kwa ustadi ambao mimi mwenyewe nimejifunza kutokana nao. Ugomvi wangu ni juu ya sababu inayomfanya mtoto wetu auhitaji.

Wamiliki wake ni watatu: British Council, shirika la IDP la Australia, na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Jina hilo la mwisho si geni katika nchi hii, Mheshimiwa, kwa kuwa wazee wetu waliosoma sekondari zama za mkoloni, na hata miaka ya mwanzo ya uhuru, walifanya mtihani wa Cambridge, na karatasi zao za majibu zikasafirishwa hadi Uingereza kwenda kusahihishwa, nao wakangoja miezi kujua kama wamepasi au wameanguka. Tuliona haya kwa jambo hilo, na tulikuwa na haki ya kuona haya. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa humo. Na kwa Sheria Na. 21 ya 1973 likapata kusimama Baraza letu la Mitihani la Tanzania, hata ikawa uhuru wa mtihani umetimia miaka 12 baada ya uhuru wa bendera. Lakini angalia yaliyotufika: tulitoka nyumbani kwa Cambridge kwa mlango wa mbele, kwa hotuba na fahari, na leo watoto wetu wanaingia mumo humo kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kila mmoja na ada yake mkononi.

Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, miaka 40 kabla ya kuzaliwa kwa mtihani huu, akarejea 1952 na shahada yake ya M.A., na mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Wala sijapata kusikia mtu aliyesema kwamba katika miaka 11 ile Kiingereza chake kilipitwa na wakati.

Huenda msaidizi wako akakwambia kwamba haya ni mambo ya wenyeji wa huko, na mgeni hufuata sheria ya mwenye nyumba. Ni kweli kwa mengi. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi ithibati ya Kiingereza, humo zimo Jamaika, Barbados, Malta na nyinginezo, na katika orodha hiyo haimo hata nchi moja ya Afrika, ingawa sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Madola tangu 1961. Aidha mwanafunzi hutozwa Pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa ajili ya matibabu, na sharti aonyeshe fedha za matumizi zilizokaa benki siku 28 mfululizo; na akielekea Ujerumani, hudaiwa akiba iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 imewekwa kuwa Yuro 11,904 kwa mwaka. Hayo yote yamo mikononi mwa wengine, na sikuombi ugombane nao kwa hayo. Lakini katika milango yote hiyo, mmoja una ufunguo wake hapa nyumbani, nao ni mlango wa cheti, kwa kuwa cheti ni chetu: tumekitunga sisi, tumekisahihisha sisi, na muhuri wake ni wetu.

Tena mlango huo haukufungwa kama watu wanavyodhani. Kwa masomo ya shahada, sheria za Uingereza zenyewe huviachia vyuo vikuu vipime Kiingereza cha mwombaji kwa njia vinavyoridhika nayo. Vyuo kadhaa vya huko huridhika na alama ya Kiingereza katika cheti cha Baraza la Mitihani la Afrika Magharibi, hata kijana wa Ghana au Nijeria akaweza kuingia darasani kwa cheti alichokipata kwao. Ama cheti chetu, kuna vyuo vinavyokikubali na vinavyokikataa. Na kuna vinavyotosheka na barua ya chuo cha awali inayosema kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza, ilhali jirani zao hawaitaki barua hiyo hata kuiona. Mwombaji wa Pangani hajui kipi ni kipi. Kukubaliwa kwake ni hisani ya karani aliyesoma maombi yake siku hiyo, na hisani haiwi haki hata ikitolewa mara mia.

Sasa, Mheshimiwa, insafu yanilazimu niseme na upande wa pili, kwa maana nisipousema mimi niliyekuwamo, atausema mwingine kwa kejeli. Wanaokitilia shaka cheti chetu hawakuota ndotoni. Mwaka 1982 tume ya elimu iitwayo Tume ya Makweta ilipendekeza kwamba sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba walio wengi katika sekondari hawana lugha ya kutosha kusomea masomo yao. Ikaletwa miradi na vitabu vya hadithi, mimi nikiwa miongoni mwa waliovipokea baadaye vikiwa vimechakaa. Nimefundisha madarasa ya wanafunzi 70 ambamo nilieleza kwa Kiingereza, nikaona macho yamekufa, nikafunga mlango nikaeleza upya kwa Kiswahili, macho yakafufuka. Na kesho yake, Mungu anisamehe, nilimvika kibao shingoni mtoto aliyesema Kiswahili uwanjani. Nilimwadhibu kwa lugha ileile niliyoitumia mimi mwenyewe kumwelewesha.

Fauka ya hayo, mtihani wetu wa Kiingereza wa Kidato cha Nne kwa muda mrefu umekuwa ni wa kalamu na karatasi. Haujamsikiliza mtahiniwa akizungumza, wala haujampima anaposikiliza. Ule wa Afrika Magharibi una sehemu yake ya matamshi au usikivu. Basi chuo cha ng'ambo kikituuliza, “Huyu aliyepata B anaweza kufuata muhadhara na kujibu swali kwa mdomo?” tutakijibu kwa dalili gani? Muhuri haujibu swali ambalo mtihani haukuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Ama cheti chetu cha Kiingereza ni kweli, ama si kweli. Ikiwa ni kweli, basi ni dhima ya serikali kwenda kukitetea kila mahali kinapokataliwa, kama inavyotetea hati ya kusafiria ya raia wake. Ikiwa si kweli, basi tumewauzia watoto wetu, kwa miaka 9 ya ujana wao, kitu ambacho wenyewe tunajua kuwa hakina thamani tunayoiandika juu yake. Na hapo haki si kumlaumu Mwingereza aliyekikataa. Jambo lisilowezekana ni kuyashika yote mawili: kumkataza mtoto Kiswahili kwa ajili ya Kiingereza, kisha kunyamaza anapoambiwa kwamba Kiingereza hicho hakitambuliki.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, na wakati wa kuyafanya ni huu, maadam toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo lilikwisha kuzinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025 na mitaala inaendelea kubadilishwa.

La kwanza, mtihani wa Kiingereza uwe na sehemu ya kuzungumza na ya kusikiliza, inayopimwa kwa dhati na watahini walioandaliwa, kuanzia Kidato cha Nne. Najua gharama yake. Nimesahihisha mitihani, najua hesabu ya vichwa. Lakini gharama hiyo hivi sasa inalipwa na mvuvi.

La pili, Baraza la Mitihani lichague vijana wa mikoa mbalimbali waliopata A, B na C katika Kiingereza, serikali iwalipie mtihani wa kigeni, kisha matokeo yawekwe bega kwa bega na yatangazwe, yawe mazuri au mabaya. Yakiwa mazuri tutakuwa na hujja ya kuwaonyesha wenye vyuo. Yakiwa mabaya tutajua ukubwa wa jeraha, na mganga hatibu jeraha lililofunikwa.

La tatu, balozi zetu na Tume ya Vyuo Vikuu zikusanye majina ya vyuo vya nje vinavyokubali vyeti vyetu, na masharti yao, orodha hiyo ibandikwe katika kila shule yenye Kidato cha Sita. Mtoto wa mjini mwenye mjomba Manchester anayo tayari orodha hiyo, katika simu ya mjomba wake. Wa Pangani, wa Kilwa na wa Nkasi hana.

Sikuandika barua hii ili Kiingereza kitukuzwe. Mwalimu aliyefundisha lugha ya watu miaka 34 hujua thamani ya lugha yake kuliko wengi, na siku taifa hili litakapoamua kusomesha sekondari kwa Kiswahili nitakuwa wa kwanza kuomba kurudi darasani bila mshahara. Maadam bado tumeamua vingine, basi tuuheshimu uamuzi wetu wenyewe, kwani mcheza kwao hutunzwa, na cheti kisichotunzwa kwao hakitatunzwa ugenini.

Ama yule binti, baba yake alikopa tena, naye akapanda basi tena, akalala Temeke tena, akafanya mtihani uleule mara ya pili. Majibu yamekuja juma lililopita. Amepata alama 7, sawasawa na ya kwanza.

Wako katika utumishi,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Pangani, Tanga.